Mitali ya bibi imepewa bei nne, tushike ipi?

BARUA

Shikamoo Bi Mkubwa,

Naandika usiku wenzangu wamelala, maana mchana nikishika kalamu machozi yananitangulia.

Tumezaliwa watatu, mimi ndiye mkubwa. Mama yetu amefariki miezi mitano iliyopita. Baba alimtangulia zamani, na babu na bibi wote wameshakwenda. Hatukuachiwa nyumba wala shamba. Alichotuachia mama ni bati la biskuti lililokuwa chini ya kitanda, na ndani yake mna vitu vinne. Kuna jozi ya mitali ya fedha, ile ya kuvaa mguuni, mizito, alirithi kwa bibi mzaa mama. Kuna mkufu wenye riale tano, zile sarafu za fedha za zamani, zilizotiwa vikonyo. Kuna kidani cha lulu, uzi mmoja wenye lulu 63, kubwa katikati na ndogo ubavuni, ambacho babu alimletea bibi kutoka Ghuba enzi alizokuwa baharia wa majahazi. Na kuna hereni za lulu na fedha ambazo mdogo wangu wa kike alimnunulia mama Dubai kwa dirham 900.

Mdogo wangu wa kiume yuko Muscat, ana madeni, anataka vyote viuzwe tugawane. Mdogo wetu wa kike anamwoza bintiye mwezi ujao wa mfungo sita, naye anataka mtoto avae kidani na mitali siku ya arusi. Mimi niko katikati, kila mmoja ananiambia namwonea.

Nikasema tupate bei kwanza, nikaingia mjini. Bi Mkubwa, bora nisingekwenda. Sonara wa kwanza aliitia mitali kwenye mizani, gramu 420, akasema laki nne na nusu, "maana nyeusi hii, ya kizamani, na haina alama ya 925." Duka la vitu vya kale linalouzia watalii wakanambia laki tisa, lakini macho yangu yaliona jozi kama ile kabatini mwao ina karatasi ya dola 1,200. Ndugu yangu kamwonyesha mfanyabiashara wa Muscat picha kwenye simu, akaambiwa rial 350 za Oman, yaani kupita dola 900. Mitali ni ileile moja!

Kwenye kidani ndiyo nilichanganyikiwa kabisa. Sonara alisema ni lulu za kufuga, laki mbili. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pale dukani akaninong'oneza, "Kama ni za Bahrain hizo, utajenga nyumba." Mdogo wangu wa kike kazisugua kwenye meno, kasema zinakwaruza kwa hiyo ni za kweli. Na riale zile zimeandikwa 1780, naye anaamini ni sarafu za zaidi ya miaka mia mbili, tusiziuze chini ya mamilioni.

Zaidi ya hayo, anataka hereni zihesabiwe kwa bei aliyonunulia, kwani risiti anayo.

Nani mkweli? Bei ya fedha na lulu inatoka wapi hasa, hata kitu kimoja kiwe na bei nne? Na sisi tutagawana vipi bila kutengana?

Dada mkubwa, Unguja

JAWABU

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba, Mungu amrehemu mama. Nimekaa kaunta ya sonara miaka zaidi ya 20, na barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu hilo bati la biskuti nimeliona likifunguliwa mbele yangu mara nyingi, na watu wakatoka wamenuna.

Nakwambia mapema: yawezekana hakuna aliyekudanganya kati ya wale watatu waliokutajia bei ya mitali, na bado usiuze kwa hata mmoja wao. Kila mmoja alitaja bei ya kitu tofauti. Sonara alitaja bei ya madini atakayoyayeyusha. Duka la kale walitaja bei watakayokupa wao ili wapate pa kuuzia kwa dola 1,200. Yule wa Muscat alitaja bei ya mtali kama mtali, kitu cha kuvaliwa na kuoneshwa, katika nchi ambayo watu wake wanakijua kwa jina.

Tuanze na mizani, maana hapo unaweza kujihesabia mwenyewe usiku huuhuu.

Fedha ina bei moja ya dunia. Kila siku ya kazi inapangwa London saa sita mchana kwa saa za huko, nayo hutajwa kwa aunsi. Aunsi ya madini ni gramu 31.1. Mitali ya kale ya Kiomani, na mingi ya pwani yetu, mara nyingi ilifuliwa kwa kuyeyusha riale zenyewe, na riale ile ina fedha safi asilimia 83 na kitu, iliyobaki ni shaba. Tukichukua kwamba mitali ya bibi ni ya namna hiyo, gramu 420 zina fedha safi karibu gramu 350. Gawa kwa 31.1, unapata aunsi 11 na robo.

Sasa tazama. Aunsi ikiwa dola 30, na dola tuihesabu shilingi 2,500, fedha iliyomo ni kama shilingi 844,000. Aunsi ikiwa dola 50, inafika milioni 1 na laki 4. Machi 2020 bei iliteremka chini ya dola 12, na siku ile mitali hiyohiyo isingefika hata laki tatu na nusu. Mwaka 2025 ikavuka dola 50. Mama alikuwa ameilaza chini ya kitanda muda wote huo, haikupungua wala kuongezeka gramu moja.

Kwa hiyo kabla hujamwambia sonara neno, fungua simu utazame bei ya aunsi ya siku hiyo, ufanye hesabu hii. Sonara hawezi kukupa yote, na si haki kumdai yote. Ana mkaa au gesi, ana fedha inayopotea tanurini, ana hatari kwamba kesho bei itaanguka. Lakini sasa utajua anakupunguzia kiasi gani, na wewe ndiye utakayeamua kama ni halali.

Kwa nini bei inarukaruka hivyo? Fedha ina mabwana wawili. Mmoja ni mwekezaji, anayeinunua akiogopa kwamba pesa za karatasi zitapoteza thamani. Dola ikilegea au dunia ikiingia hofu, anakimbilia dhahabu, na fedha inafuata nyuma kwa kishindo zaidi. Mwaka 1980 ndugu wa familia ya Hunt, matajiri wa Texas, walikuwa wamerundika fedha nyingi mpaka Januari aunsi ikakaribia dola 50, na mwishoni mwa Machi ikawa imeporomoka hadi kama dola 11. Bwana wa pili ni kiwanda. Zaidi ya nusu ya fedha inayotumika kwa mwaka haivaliwi na mtu, inaingia viwandani, kwenye vifaa vya umeme, paneli za sola na vinginevyo. Ile sola iliyo juu ya bati la jirani yako ina fedha ndani yake. Nayo migodi haiwezi kukimbia haraka kuifuata bei, kwa sababu fedha nyingi hutoka pamoja na shaba, risasi, zinki au dhahabu. Mchimba shaba haongezi kazi kwa ajili ya fedha peke yake.

Hilo la kukosa alama ya 925 lisikutishe. 925 maana yake sehemu 925 kwa elfu ni fedha, kawaida iliyobaki ni shaba ya kuipa ugumu, kwani fedha tupu ni laini, bangili yake ingepinda mkononi. Ni kipimo cha kizungu. Mafundi wa kale wa Nizwa, Oman, au wa kwetu hawakuwa wakigonga namba hiyo. Tena alama si ushahidi, mhuri wa 925 unaweza kugongwa juu ya chochote. Nimeshaona bangili za jarmani, ambayo ni shaba, zinki na nikeli bila chembe ya fedha, zimegongwa 925 vizuri kabisa. Na sumaku isikudanganye. Inakamata chuma na madini machache tu, jarmani na shaba zinapita kama fedha inavyopita. Mwambie sonara asugue mtali kwenye jiwe la kupimia na kutia tone la dawa mbele ya macho yako, sehemu ya ndani isiyoonekana. Akikataa, beba mitali yako uondoke.

Na ule weusi, mwanangu, nakusihi msiusugue. Fedha huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani, ni ngozi nyembamba ya juu tu. Anayenunua mtali kama kitu cha kale anautaka weusi ulioingia ndani ya nakshi, maana ndio unaoonesha kazi ya mkono na miaka iliyopita. Niliwahi kuletewa kikuku cha zamani sana, mwenyewe alikuwa amekisugua kwa majivu na ndimu mpaka nakshi zimelika, kinang'aa kama kijiko kipya. Alitarajia nimsifu. Ilinibidi nimwambie kwamba kilichobaki ni uzito wake tu.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya laki nne na nusu ya sonara na rial 350 za Muscat. Anayeyeyusha anahesabu gramu. Anayejua anageuza mtali aone jinsi ulivyofungwa, kama ni mviringo mtupu uliotiwa vijiwe vya kulia ndani au umejaa, kama nakshi imechongwa kwa mkono au imemwagwa kwenye kalibu, kama jozi inalingana, kama haijawahi kupasuliwa ikaunganishwa kwa risasi. Kazi ya namna hiyo mafundi wake ni wachache sasa, na jozi iliyoyeyushwa hairudi. Hata hivyo rial 350 za kwenye simu si pesa bado. Mtu aliyeona picha hajashika kitu, na akikishika ataanza kutafuta kasoro. Mwambie ndugu yako aombe bei hiyo kwa maandishi, iseme kama ni kabla au baada ya kukagua.

Riale nitazipitia upesi. Mdogo wako asiumie moyo, lakini mwaka ule 1780 hausemi umri wa sarafu. Maria Theresa, mtawala wa Austria ambaye sura yake imo kwenye riale, alifariki mwaka huo, na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na huku kwetu walikuwa wameizoea sura yake hata hawakutaka nyingine. Kwa hiyo sarafu zikaendelea kugongwa kwa tarehe ileile ya 1780, Vienna na kwingineko, mpaka karne ya ishirini yote. Riale moja ina gramu 28 na kidogo, fedha safi gramu 23.4. Tano ni gramu 117 za fedha safi, na kwa aunsi ya dola 50 hiyo ni kama dola 188. Mkusanya sarafu atatoa pungufu kwa sarafu iliyotiwa kikonyo, maana imeshaunguzwa. Lakini mkufu mzima, ukiwa umefungwa kama ulivyokuwa shingoni mwa bibi, ni pambo lenye bei yake. Msizinyofoe.

Sasa lulu. Hapa ninakuomba ukae kitako.

Lulu haina mizani ya dunia. Hakuna bei ya London utakayoitazama kwenye simu. Kuna mafungu, na usipojua lulu yako ni ya fungu gani, bei yoyote utakayoambiwa ni upepo. Lulu ya asili ni ile ambayo chaza aliifanya mwenyewe baharini bila mkono wa mtu, na mzamiaji alipasua chaza wengi sana kabla ya kupata moja. Lulu ya kufuga ni lulu ya kweli vilevile, imetoka ndani ya chaza, lakini mtu ndiye aliyemtia kitu cha kuanzia. Kwenye nyingi za maji chumvi kitu hicho ni kipande cha kombe kilichochongwa mviringo, na kwa miaka mingi makombe hayo yalitoka mto Mississippi, Marekani. Chaza akakipaka tabaka lake juu. Kuna za maji baridi kutoka China, ambako kombe moja huzaa lulu kwa makumi, ndiyo maana ni rahisi. Kuna za Bahari ya Kusini, Australia, Indonesia na Ufilipino, mara nyingi kubwa kupita milimita 10, chaza mmoja lulu moja kwa wakati, na miaka miwili au zaidi ya kumtunza. Halafu kuna za kioo na plastiki, ambazo si lulu.

Meno ya mdogo wako yamejibu swali moja tu, kwamba si plastiki. Lulu ya kufuga inakwaruza kama ya asili.

Nikueleze jinsi fungu linavyobeba bei. Mwaka 1917 sonara Cartier alipata jumba zima Fifth Avenue, New York, kwa kumpa mwenye jumba kidani cha nyuzi mbili za lulu za asili kilichothaminiwa dola milioni 1. Nyumba na lulu, wakabadilishana. Miaka 40 baadaye, 1957, kidani kilekile kikauzwa mnadani kwa chini ya dola 200,000. Lulu hazikufa wala hazikuchakaa. Kilichotokea ni kwamba Mjapani Kokichi Mikimoto, aliyefanikiwa kupata nusu-lulu ya kufuga mwaka 1893, pamoja na wenzake waliofuata, walijaza soko kwa lulu za duara kuanzia miaka ya 1920. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa dunia. Wazamiaji wa Bahrain na Kuwait, waliokuwa wakiishi kwa lulu, miaka ya 1930 wakabaki na deni na mashua tupu. Kisha gurudumu likageuka tena. Lulu za asili zikawa adimu, na mwaka 2011 kidani chenye lulu ya La Peregrina, kilichokuwa cha mwigizaji Elizabeth Taylor, kikauzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 11.

Basi tuirudie hadithi ya babu. Majahazi yalikuja na kaskazi yakileta tende, yakarudi na kusi yamebeba boriti za mikoko. Baharia kuleta lulu ni jambo linaloingia akilini. Lakini ni mwaka gani? Kama ni kabla ya 1920, matumaini ni makubwa. Kama ni miaka ya 1940 au 1950, lulu za Kijapani zilikuwa zimeshafika kila bandari, na muuzaji wa Ghuba angeweza kumuuzia za kufuga kwa jina zuri. Sijui kama yule mzee aliyekunong'oneza alifikiria hilo.

Kuna jambo unaweza kulitazama mwenyewe. Chukua kioo cha kukuza cha mafundi saa, kaa dirishani asubuhi, usitumie taa ya manjano. Sogeza lulu mbili kidogo kidogo kwenye uzi uone mdomo wa tundu. Lulu za asili ziliuzwa kwa uzito, na ukubwa ulizidisha bei kwa namna ya ajabu: uzito ukiwa mara mbili, bei kwa hesabu ya wafanyabiashara wa zamani ilikwenda mara nne. Kwa hiyo mtoboaji alitoboa tundu jembamba mno, maana kila chembe ya vumbi ilikuwa hasara. Kwenye za kufuga tundu mara nyingi ni pana zaidi, na ukichungulia ndani unaweza kuona mstari mweusi mwembamba, kama ukingo wa kikombe, pale tabaka la chaza linapokutana na kile kipande cha kombe. Ukiuona mstari huo kwenye lulu nyingi, sonara alisema kweli na tuishie hapo. Usipouona, bado hujui. Kinachojua ni eksirei. Bahrain, ambako biashara ya lulu za kufuga imepigwa marufuku, kuna taasisi ya lulu na vito inayoitwa DANAT inayofanya kazi hiyo, na ndugu yako wa Muscat yuko karibu nayo kuliko nyinyi. Awaandikie kwanza, aulize gharama na taratibu za forodha, kabla ya lulu kutoka Unguja.

Hata zikiwa za kufuga, laki mbili si lazima iwe bei yake. Pima mng'aro: ilaze lulu kiganjani karibu na dirisha, utazame ukingo wa dirisha ndani yake. Ukiuona mkali kama kwenye kioo, tabaka ni zuri. Ukiuona umefifia kama kwenye maziwa, bei inashuka. Kisha utazame vidoa na mikwaruzo, halafu rangi, na mwisho kulingana. Mtu aliyepanga lulu 63 zikapanda na kushuka bila moja kujitenga alichambua rundo kubwa, na kazi hiyo inalipwa. Kidani kilichopangwa vizuri kina thamani kuliko lulu zake zikihesabiwa mojamoja.

Nyinyi mko Unguja, nendeni Fumba au Bweleo mkaone kina mama wanaofuga nusu-lulu. Kokwa linagandishwa kwenye ukuta wa ndani wa kombe, chaza anarudishwa baharini, na inachukua karibu mwaka mzima kulifunika. Wengine wanakufa njiani. Kisha kombe linakatwa, linasuguliwa, linatiwa fedha. Mteja anayesema "mbona ghali, China zipo za bei nafuu" hajauona huo mwaka ndani ya maji. Nalisema kwa sababu mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaovunja bei ya kazi za mikono yetu.

Hereni za Dubai, naomba mdogo wako anisikilize bila kukasirika. Alimpa mama zawadi na Mungu amlipe. Lakini dirham 900 zilikuwa na kodi ya duka, mshahara wa muuzaji, sanduku la mahameli, jina la duka, na faida. Fedha yenyewe ndani ya hereni mbili ni gramu chache. Pambo jipya la dukani likitoka mlangoni linapoteza sehemu kubwa ya bei yake, na risiti inaonesha alicholipa yeye, haioneshi atakacholipa mwingine. Kwenye hesabu ya mirathi liingizeni kwa bei ya leo. Kama ziko hai moyoni mwake, azichukue yeye katika fungu lake.

Kuhusu kugawana, mwende kwa kadhi awahakikishie warithi. Kama ni nyinyi watatu tu, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, mali inakatwa mafungu manne: mawili yake, na moja moja lenu. Lakini kadhi atagawa thamani, na thamani ndiyo mnayogombania. Kwa hiyo pateni wapimaji wawili ambao hawanunui. Mlipeni kila mmoja ada yake, aandike uzito, usafi wa fedha, hali ya kitu, na bei ya kukiuza kikiwa kizima. Anayetaka kununua asiwe ndiye anayekuthaminia.

Ndugu yako ana deni, na deni ni jambo la haraka, simlaumu. Lakini fungu lake linaweza kulipwa bila kuyeyusha kitu. Mkishakubaliana bei, wewe na mdogo wako mnaweza kumlipa kwa awamu, kwa maandishi, au achukue mkufu wa riale na sehemu iliyobaki kwa pesa. Riale ndizo rahisi kuuzwa popote, na ndizo ambazo bei yake haina ubishi mkubwa. Mitali ibaki jozi. Mtali mmoja Muscat na mmoja Unguja ni nusu ya bei, wala si nusu kamili, ni chini yake. Kidani kisiuzwe kabla ya majibu ya eksirei, hata mtu akija na laki tano mkononi na haraka.

Na binti avae. Lulu haiharibiki kwa kuvaliwa siku moja, inaharibika kwa marashi, jasho, ndimu na siki, maana imeumbwa kwa chokaa na tindikali inaila. Ajifukize udi kwanza, apake marashi, yakauke, kidani kiwe cha mwisho kuvaliwa na cha kwanza kuvuliwa. Kifutwe kwa kitambaa laini cha pamba, kilazwe kitambaani peke yake, mbali na mitali. Uzi wenyewe wa miaka hiyo umeshachoka. Kabla ya arusi mpe mtunga lulu aubadilishe, afunge fundo baina ya lulu na lulu, ili uzi ukikatika zisimwagike zote ukumbini. Wewe ukae pale anapotunga, uzihesabu 63 zinapotoka na 63 zinaporudi.

Umesema babu alimletea bibi kidani. Je, kuna picha bibi amekivaa? Kama ipo ukutani kwa ndugu yeyote, itoe kwenye fremu taratibu ugeuze nyuma. Wapiga picha wengi wa zamani waligonga mhuri wa studio, na baadhi waliandika mwaka kwa penseli. Ipige picha mbele na nyuma, uiambatishe na barua ya ndugu yako kwa taasisi ile.